Kuku wa Gunnvor Hawalali

Mwezi wa Desemba, kule Skarvnes, kaskazini ya mbali kabisa ya dunia, jua halichomozi. Si habari ya mawingu. Halichomozi kabisa, kwa muda wa karibu majuma manane. Mchana anga hupata rangi ya buluu kwa saa mbili tu, kisha giza linarudi kukaa. Kwa hiyo watu wa huko ni watu wa taa. Taa kila dirisha, taa kila mlango, na hakuna anayehangaika kuzizima hata akienda kulala.

Gunnvor Strandmo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja. Alifuga kuku mia tisa wa mayai. Kila siku aliamka mapema, akaweka birika la kahawa jikoni, kisha akaketi mbele ya taa yake nyeupe. Hiyo ilikuwa taa ya matibabu. Inawaka kwa ukali sana, na watu wa huko huketi mbele yake nusu saa kila asubuhi, ili roho isizame katika miezi ya giza. Gunnvor hakuikosa hata siku moja. Mama yake, enzi za uhai wake, alikuwa akipitisha kipindi chote cha giza kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Gunnvor mdogo ndiye aliyempelekea viazi na samaki, na ndiye aliyevirudisha jikoni vimepoa. Basi usimwambie Gunnvor habari za giza. Alilichukia kwa moyo wote.

Asubuhi hiyo alimaliza kahawa, akavaa buti, akaenda bandani. Alifungua mlango na kusimama palepale.

Kuku watatu walikuwa wamelala kwenye maranda, wamekufa. Sehemu zao za nyuma zilikuwa zimedonolewa mpaka nyama zikatoka. Wenzao walikuwa bado wanawazunguka, midomo ikiwa na damu.

"Tokeni!" Gunnvor alipiga kelele. "Tokeni hapo, mashetani nyinyi!"

Nyuma yake alisikia vyuma vikikwaruza barafu. Baba yake, mzee Ottar, alikuwa anakuja akisukuma sleji yake, kiti chenye vyuma virefu chini vya kuteleza kwenye barafu. Kwa wazee wa huko sleji hiyo ndiyo mkongojo wao wakati wa barafu. Mzee aliishi katika nyumba ndogo uani. Shamba alikuwa amemwachia binti yake tangu miaka miwili iliyopita, lakini kuliachia kwa mdomo hakuwa ameweza.

"Wangapi leo?" aliuliza.

"Watatu."

"Na jana?"

"Jana wawili. Baba, usianze."

"Sianzi. Namalizia. Lori la machinjioni linapita tarehe ishirini na moja. Ni la mwisho kabla ya Krismasi. Nimeshampigia dereva, nimeandikisha jina letu."

Gunnvor aligeuka. "Umempigia nani? Kwani hawa kuku ni wa nani?"

"Wa wenzao, naona," alisema mzee. "Wanavyowala!"

Gunnvor aliumia, kwa sababu ilikuwa kweli. Kuku mmoja kati ya watano alikuwa na mgongo mtupu. Aliwaokota wale waliokufa, akawatia kwenye ndoo.

"Hawaendi machinjioni," alisema. "Bado wana mwaka mzima wa kutaga. Kuna kitu kinawasumbua, na mimi nitakijua."

Saa sita mchana alifika Turid, daktari wa mifugo. Turid alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno makavu. Yeye na Gunnvor walisoma darasa moja, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kubembelezana. Aliingia bandani, akakunja uso kwa mwanga. Kisha akapindua ndoo mbili.

"Kaa," alisema.

"Nina kazi, Turid."

"Kazi yenyewe ndiyo hii. Kaa chini. Macho yako yawe pale macho ya kuku yalipo."

Walikaa robo saa wakitazama. Gunnvor hakuwa amewahi kukaa hivyo. Taa kubwa sita zilining'inia juu yao, na kutoka pale chini zilichoma macho. Aliona kuku mmoja amesimama huku amefumba macho. Mwili ukaanza kuinama, halafu akashtuka, kwa sababu mwenzake alimgonga. Mwingine alikuwa na kidonda kidogo mkiani. Kwenye mwanga ule kilionekana chekundu, kinang'aa. Kuku watatu walikiona papo hapo wakakikimbilia.

"Yule alikuwa anasinzia amesimama," Gunnvor alisema polepole.

"Umeona eeh? Hebu niambie. Wanalala saa ngapi?"

"Saa yoyote wanayotaka. Mimi siwabanii mwanga."

"Sijauliza hilo. Taa unazizima saa ngapi?"

"Sizizimi."

Daktari alimgeukia. "Tangu lini?"

"Tangu Novemba. Ile saa iliyowasha na kuzima taa za zamani, safu moja moja, iliharibika. Nikaona ya nini kununua nyingine, wakati jua lenyewe linatuacha? Nikawatundikia hizi taa za nguvu. Nikawawekea mchana wao."

"Jamani, Gunnvor! Majuma matano hawajalala?"

Gunnvor alihisi uso unawaka moto. "Nilidhani nawasaidia," alisema. "Unajua mama alivyokuwa. Sikutaka kiumbe chochote changu kikae gizani namna ile."

Sauti ya Turid ikawa laini zaidi.

"Najua. Lakini mama yako alikuwa mgonjwa, na hawa ni kuku. Sikiliza. Mwanga haumwingii kuku machoni tu. Unapenya hata kwenye fuvu lake. Ukiwaka, mwili wake unaambiwa: amka, kula, taga. Ukizimika, unaambiwa: pumzika. Wewe umewaambia 'amka' kwa majuma matano mfululizo. Mtoto asiyelala anakuwaje?"

"Analia ovyo. Anapiga wenzake."

"Basi, na hawa wana midomo. Kuku wa mayai anahitaji giza la kweli angalau saa nane mfululizo, kila siku. Ndiyo maana hata sheria inataka wazimiwe taa. Tena taa zako ni kali mno. Kila tone la damu linaonekana banda zima."

Mzee Ottar alikuwa ameegemea mlango, anasikiliza. "Dawa naijua," alisema. "Tuwafunike gizani moja kwa moja. Mchana na usiku. Zamani kuku wakidonoana tuliziba madirisha, wakatulia."

"Walitulia kwa sababu walikuwa hawaoni, mzee," Turid alimjibu. "Kuku akikaa kwenye kiza siku zote, macho yanaharibika. Chakula hakioni vizuri, maji hayaoni, kutembea anaogopa. Huko ni kumtesa kwa njia nyingine. Mchana uwe mchana, na usiku uwe usiku. Anahitaji vyote viwili."

Alisimama, akapangusa suruali.

"Nawapa siku kumi," alisema. "Ikifika siku ya kumi na bado wanararuana hivi, mimi nitakuwa wa kwanza kusema lori lije. Kumwacha kuku aliwe hai si huruma, Gunnvor. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Siku kumi zinanitosha."

"Usiringe. Kesho asubuhi nakuja tupange jinsi ya kuzima. Leo usiguse kitu."

Lakini Gunnvor hakuwa mtu wa kungoja kesho. Alipika, akaosha vyombo, na muda wote alikuwa anawafikiria wale kuku wanaosinzia wamesimama. Majuma matano! Tena kwa mkono wake mwenyewe. Ilipofika saa kumi na mbili jioni alishindwa kuvumilia. Alienda bandani. Taa zote sita zilikuwa kwenye waya mmoja. Alishika plagi ya waya huo.

"Haya, laleni," aliwaambia. Akaichomoa.

Giza liliingia kwa pigo moja. Kwa sekunde moja banda lilikuwa kimya. Kisha zikalipuka kelele ambazo Gunnvor hakuwahi kuzisikia. Mabawa ya kuku karibu mia tisa yalipiga kuta, vyombo vikaanguka, kuku wakakimbia bila kujua wanakokwenda. Plagi ilimponyoka; akapapasa kuitafuta, hakuipata. Akatoa simu, akawasha tochi yake.

Kuku walikuwa wamejazana kwenye kona ya mbali. Walipandiana mpaka usawa wa kiuno chake, na wengine walizidi kuja. Gunnvor alijitupa pale, akaanza kuwavuta na kuwatupa nyuma, wawili wawili, watatu watatu. Mikono mingine ikatokea pembeni yake. Ilikuwa ya baba yake. Mzee alivuta naye.

Chini kabisa walikuta kuku tisa wamekufa kwa kukosa hewa.

Gunnvor aliketi kwenye maranda, akalia kwa sauti bila kuona aibu. "Nimewaua mwenyewe," alisema. "Niliambiwa nisiguse, nikagusa. Kichwa changu hiki!"

Mzee alichomeka plagi, taa zikawaka. Alihema kwa muda.

"Kwangu mimi haya hayakutokea," alisema. "Miaka thelathini, hata mara moja."

"Najua, baba. Wewe hodari."

"Sijisifu, mwanangu. Nashangaa tu."

Kesho yake Turid alikuja akaambiwa yote. Alimtazama Gunnvor kwa jicho kali, lakini hakumgombeza. Aliona macho yake yalivyovimba. Badala yake alimgeukia mzee.

"Wewe ulikuwa unazimaje?"

"Kwa swichi, ningezimaje? Tena swichi zenyewe! Fundi aliyeweka umeme hapa alikuwa mvivu wa ajabu. Badala ya kuzikusanya pamoja mlangoni, kila safu ya taa aliiwekea swichi yake hukohuko. Njoo uone."

Aliwaonyesha. Zilikuwa swichi nne za zamani, zimetawanyika kwenye ukuta mrefu wa banda. Taa zake ndogo za njano bado zilikuwa darini, zimejaa vumbi.

"Basi nilianzia kule mwisho, kwenye chakula," mzee alisema. "Nazima. Napumzika, maana magoti haya si ya leo. Naja hapa kwenye maji, nazima. Navuta kiko kidogo. Halafu viota. Mwisho kabisa hizi za juu ya fito za kulalia, karibu na mlango. Nusu saa nzima inaniishia. Nilimtukana yule fundi kila siku ya Mungu."

Turid aliangua kicheko. "Mtumie kadi ya Krismasi yule fundi, mzee! Amekuokolea kuku miaka thelathini."

"Amefanya nini?"

"Kuku gizani haoni. Giza likimkuta chini, anabaki chini, na hofu inamwingia. Mmoja akikimbia, wote wanamfuata, wanalundikana. Wewe ulikuwa unawapa machweo. Kwenye chakula kukawa kiza, wakasogea. Kwenye maji kukawa kiza, wakasogea tena. Mwanga uliobaki ulikuwa juu ya fito tu, wakapanda. Ulipozima ya mwisho, kila mmoja alikuwa mahali pake pa kulala."

Mzee aliitazama ile swichi ya karibu, kisha akaitazama ya mbali. "Kumbe," alisema.

Gunnvor alikuwa ameshapanda ngazi, anaziteremsha zile taa za nguvu. "Nipeni kitambaa nifute hizi za zamani," alisema. "Na mniambie mengine. Yote. Safari hii nasikiliza mpaka mwisho."

Walifanya kazi siku nzima. Waliojeruhiwa vibaya waliwatenga kwenye chumba kidogo, chenye maji na chakula chao, na Turid akawapaka dawa. Waliweka marobota ya nyasi kavu na mawe laini ya kudonoa, ili midomo ipate kazi nyingine. Taa zingewashwa saa kumi alfajiri, safu moja moja vilevile, zisiwashtue. Jioni Gunnvor angeanza kuzima saa kumi na mbili na nusu, na saa moja liwe giza kamili.

"Mayai yatapungua siku za mwanzo," Turid alimwonya. "Usishtuke, na usirudishe taa."

"Sirudishi."

Jioni ya kwanza Gunnvor alizima safu ya chakula. Kuku walisogea, wakisitasita. Alizima ya maji, akazima ya viota. Karibu nusu yao walipanda fito. Nusu nyingine walibaki chini, wameduwaa, wamesahau jinsi ya kwenda kulala. Basi akainama, akamwinua mmoja, akamweka juu ya fito. Akamwinua wa pili. Akamwinua wa tatu. Mgongo ulimuuma mpaka akauma meno, lakini hakuiacha taa ya mwisho izimike kabla hajamwinua kuku wa mwisho.

Jioni ya pili alifanya vivyo hivyo. Mzee alikuja kusimama mlangoni.

"Utawafunika na blanketi pia?"

"Ukileta, nitawafunika."

"Na hadithi ya kulalia?"

"Hadithi nitawapa ya mzee mmoja mwenye mdomo mrefu kuliko wao."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaingia, akainama kwa shida, akaokota kuku na kumpa. "Shika. Huyu mzito." Tangu jioni hiyo walifanya pamoja. Baba aliokota, binti alipandisha.

Siku ya nne mayai yalipungua trei tano nzima. Gunnvor aliyatazama, akaenda kuongeza nyasi. Siku ya sita alfajiri, kabla ya kuwasha taa, alikuta kuku mmoja amekufa, na wawili wana majeraha mabichi. Hapo moyo ulimwanguka. Aliketi kwenye ndoo.

"Lori bado limetuandika," mzee alisema. Hakusema kwa kejeli.

"Na mimi bado nina siku nne," Gunnvor alijibu, akasimama.

Alizunguka banda kwa tochi, pole kwa pole, akitafuta kosa. Akalipata karibu na dirisha. Taa ya uani, ile ambayo hakuna aliyewahi kuizima, ilikuwa inapenya kwenye ufa wa kifuniko cha dirisha. Mstari mwembamba mweupe ulikatiza maranda. Usiku kucha kuku wa upande ule walikuwa wanaamka na kuudonoa mstari huo, na kudonoana. Wote wenye majeraha walikuwa wa upande ule.

Gunnvor hakupiga simu kwa yeyote. Aliziba ufa kwa ubao na misumari, kisha akatoka uani. Alisimama chini ya ile taa muda mrefu. Iliwaka hapo tangu utoto wake. Akaizima. Uwanja ukawa mweusi, na nyota zikaonekana hadi milimani. Alingoja ile hofu yake ya zamani. Ilikuja, lakini haikumzidi nguvu. Akarudi ndani, anatembea kwa kupapasa, amekaza meno.

Siku ya saba hakuna kuku aliyekufa. Jioni hiyo waliobaki chini walikuwa kumi na mmoja. Siku ya nane walikuwa watatu. Mchana kuku walikuwa wanachimba maranda, wanaoga vumbi, wanavuruga nyasi. Walikuwa na shughuli zao. Mayai yalianza kurudi.

Siku ya kumi Turid alifika jioni, akaketi kwenye ndoo yake. Mzee Ottar aliomba azime taa yeye. Alizima kwenye chakula, akapumzika. Kuku waliinua vichwa wakaanza kuelekea mlangoni, wanaongea kwa sauti za chini. Alizima kwenye maji. Alizima kwenye viota. Wakaruka juu ya fito mmoja baada ya mwingine, wakasukumana kidogo, wakajibana, wakaficha vichwa. Hakuna aliyebaki chini hata mmoja. Gunnvor alisimama mikono mifukoni. Haikuwa na kazi jioni hiyo, na hakujua aifanyie nini.

Kabla taa ya mwisho haijazimwa, Turid alipita polepole kwenye fito, anakagua migongo. Alifunua manyoya hapa, akagusa pale. Alipita mstari mzima.

"Vidonda vimekauka," alinong'ona. "Manyoya mapya yanaota. Jeraha jipya sijaliona hata moja."

"Rudia," Gunnvor alisema.

"Sijaliona hata moja, Gunnvor. Kuku wako hawana haja ya lori."

Gunnvor alifunika uso kwa viganja. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, bila sauti.

Mzee Ottar alizima taa ya mwisho. Katika giza walisikia pumzi za kuku tu. Kisha mwanga mdogo wa simu ukamulika ndevu zake.

"Halo, dereva," alisema kwa sauti ndogo sana. "Ottar, wa Skarvnes. Futa jina letu. Lori lisije." Alisikiliza, akakunja uso. "Nasema lisije! Hapana, siumwi koo. Nanong'ona kwa sababu kuku wamelala."